KINYOZI HAJINYOI: TUKAE PAMOJA, TUCHEZE, TUJITAZAME

Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na chanjo. Mwezi huu tuzungumze juu ya afya ya yule anayewahudumia wengine. Namfikiria muuguzi wa zamu ya usiku. Namfikiria pia mama anayemwuguza mkwe wake aliyepooza, mwalimu mwenye darasa lililofurika, na katekista anayeamshwa usiku kwenda kwa mgonjwa. Watu hawa huulizwa kila siku juu ya hali za wengine. Ni nani anayewauliza juu ya hali yao?

Ni malalamiko ya siku nyingi kwamba baadhi ya wauguzi wana maneno makali. Mama anafika wodi ya wazazi akiwa na uchungu, anapokelewa kwa kufokewa. Mzee anauliza jambo mara ya pili, anajibiwa kwa mkato. Malalamiko hayo ni ya haki, wala sikusudii kuyatetea. Lakini katika miaka mingi ya kazi nimeona kwamba wengi wa hao wenye ulimi mkali waliingia kazini wakiwa wapole kabisa. Basi tujiulize: upole ule ulikwenda wapi? Na je, unaweza kurudi?

UCHOVU USIOISHA KWA KULALA

Kuna uchovu wa mwili, ambao ukila ukalala unaondoka. Kuna pia uchovu wa moyo, ambao hata ukilala siku mbili unaamka nao. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya uchovu huu. Aliuona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa katika zahanati ya bure. Watu wale walianza kwa ari kubwa, kisha wakazimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii katika orodha yake mpya ya magonjwa. Shirika halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na mzigo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa vizuri. Dalili zake ni tatu:

(a) Kuishiwa nguvu kabisa.
(b) Kuiona kazi kuwa mbali nawe, kuichukia au kuidharau.
(c) Kujiona hufanyi lo lote la maana.

Angalia dalili ya pili. Mtu aliyechoka moyo haonyeshi uchovu tu, huonyesha ukali. Huanza kuwaita watu kwa namba za vitanda, na hucheka pale pasipostahili kicheko. Shirika linazungumzia kazi ya ajira, lakini ye yote aliyemwuguza mzazi nyumbani kwa mwaka mzima anazifahamu dalili hizo bila kufundishwa.

WALIYOYAONA LONDON

Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Isabel Menzies, alitoa maandishi juu ya wauguzi wa hospitali kubwa ya mafunzo jijini London. Hospitali ilikuwa na shida: karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi waliacha kabla ya kumaliza mafunzo, na wengi wao waliondoka kwa hiari yao wenyewe.

Bibi Menzies aliona kwamba kazi ya uuguzi ina hofu nyingi. Msichana mdogo anagusa miili ya watu wanaokufa, anaosha vidonda vinavyonuka, anasikia vilio vya ndugu. Hofu hizo hazikuwa na mahali pa kusemwa, kwa hiyo hospitali ilitafuta njia ya kuzifunika. Mgonjwa aliitwa kwa kitanda chake au kwa kiungo chake kinachouma, kana kwamba ni ini tu lililolala pale. Kazi zilikatwa vipande vipande, ili muuguzi asikae na mgonjwa mmoja akamzoea. Wanafunzi walihamishwa mara kwa mara kutoka wodi hadi wodi. Taratibu hizo zilikusudiwa kumkinga muuguzi asiumie moyo. Matokeo yake yalikuwa kumnyima lile alilolifuata katika kazi hiyo, yaani furaha ya kumsaidia mtu anayemjua.

Hilo ni somo kwetu sote. Hofu isiyosemwa haiondoki. Inageuka kuwa ukali, ubaridi, au barua ya kuacha kazi.

KUKAA PAMOJA NA KUTAFAKARI

Karibu na wakati huo, katika jiji hilohilo la London, kulikuwa na daktari mwenye asili ya Hungaria, Michael Balint. Kuanzia mwaka 1950 yeye na Enid, aliyekuja kuwa mke wake, walianza kuwakutanisha madaktari wa kawaida wa mitaani katika vikundi vidogo. Hawakukutana kusoma dawa mpya. Walikutana kuzungumza juu ya wagonjwa waliowasumbua moyo. Mwaka 1957 Balint alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, na hadi leo vikundi vya namna hiyo viko katika nchi nyingi na vinaitwa kwa jina lake.

Utaratibu wake ni mwepesi. Watu kama wanane hadi kumi na wawili hukaa kwa duara, pamoja na kiongozi. Mmoja husimulia juu ya mgonjwa fulani, bila kusoma faili. Wenzake huuliza maswali machache ili waelewe habari. Kisha msimuliaji hurudisha kiti chake nyuma kidogo, ananyamaza, anasikiliza tu. Wenzake sasa huiendeleza habari ile: mgonjwa huyu huenda anahisi nini? Na mhudumu je? Hakuna anayesema "ulikosea" wala "ungefanya hivi". Mwishoni msimuliaji hurudi katika duara, akasema lo lote analopenda kusema.

Ninyi wenye jumuiya ndogondogo mtaona kwamba kukaa kwa duara na kusikilizana si jambo geni kwetu. Jipya ni hili la msimuliaji kunyamaza. Akinyamaza hana haja ya kujitetea, na asiyejitetea husikia mengi. Kinyozi hajinyoi. Kisogo chako utakiona kwa macho ya mwenzako.

Huko Boston, Marekani, mwanasheria mmoja, Kenneth Schwartz, aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 40. Kabla ya kufariki mwaka 1995 aliandika gazetini juu ya waliomhudumia. Alimtaja muuguzi aliyeanza kwa haraka na ukavu, lakini aliposikia kwamba huenda mgonjwa ana saratani ya mapafu iliyofika mbali, alilainika akamshika mkono. Schwartz aliona kwamba wema mdogo wa namna hiyo ulimpa nguvu ya kustahimili. Aliona pia kwamba wahudumu nao wanahitaji kusaidiwa ili wema wao usikauke. Kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kilianza mikutano ambamo madaktari, wauguzi na wahudumu wa kiroho hukaa pamoja kusema jinsi kazi inavyowagusa. Leo mikutano hiyo inafanyika katika mamia ya hospitali, Marekani, Uingereza na kwingineko.

NA MCHEZO UNAINGIAJE?

Huenda msomaji atauliza: mambo mazito kama haya, mchezo unatafuta nini? Si ni utovu wa adabu?

Tuelewane. Kucheza si kufanya mzaha na kazi. Mtoto anayecheza "baba na mama" na vifuniko vya chupa hafanyi mzaha hata kidogo; mtazame uso wake. Anajaribu maisha bila hatari. Akiunguza wali wa mchanga, hakuna atakayelala na njaa. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ulitaja mchezo, katika kifungu cha 31, kuwa haki ya kila mtoto. Mtu mzima naye anahitaji mahali pa kujaribu bila kuunguza.

Daktari wa watoto wa London, Donald Winnicott, alikuwa na mchezo wa penseli na karatasi. Alifumba macho akachora mstari wo wote ule, kisha akamwambia mtoto, "Ugeuze uwe kitu." Mtoto aliufanya samaki, au nyoka, au kofia. Halafu mtoto alichora mstari wake, na daktari akaugeuza. Baada ya karatasi kadhaa, mtoto ambaye hakutaka kusema neno alianza kusema linalomwumiza. Swali la moja kwa moja lilimfunga mdomo, mchezo ukaufungua.

Sisi nasi tuna hekima hiyo tangu zamani, na jina lake ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, wakaja kuwa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara ya biashara, wakawa watani. Wachaga na Wapare hutaniana hadi leo. Bibi humwita mjukuu "mume wangu", na mjukuu hamkasirikii. Tena katika makabila kadhaa mtani huja hata msibani. Huigiza mwendo wa marehemu, hudai deni ambalo halikuwapo, na watu wenye machozi usoni hucheka. Lakini mtani huyohuyo hushika jembe kuchimba kaburi. Utani wetu haukumwacha mtu peke yake na uchungu. Ulimruhusu kusema lisilosemeka, na wakati huohuo ulimpa mkono wa msaada.

MFANO WA KADI YA KLINIKI

Nitoe mfano wa kubuni, usiomhusu mtu ye yote. Tuseme wauguzi saba wamekaa kwa duara. Mmoja anasimulia juu ya mama anayekuja kliniki ya watoto kila mara akiwa amechelewa, na kadi ya mtoto imelowa, imechakaa, haisomeki. "Mama huyu ananiudhi," anasema. "Naona anatudharau." Kisha ananyamaza na kurudi nyuma.

Mwenzake wa kwanza anasema, "Ningekuwa mama huyo, ningeogopa kuja." Wa pili anasema, "Ningekuwa muuguzi, ningekuwa nimechoka, maana ifikapo saa sita nimeshapima watoto wengi." Ndipo wa tatu anasema kwa kucheka kidogo, "Mimi basi ni ile kadi." Wote wanacheka. Anaendelea: "Nakaa ndani ya kanga pamoja na mihogo. Leo tumevuka mto, maji yamefika kiunoni. Mama ameninyanyua juu ya kichwa, lakini nimelowa hivyo hivyo. Tumefika, nimetupwa mezani. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi."

Kicheko kinakoma. Aliyesimulia anarudi katika duara na kusema, "Kwa kweli sijui mama yule anatoka kijiji gani."

Hakuna aliyemkemea wala kumhubiria. Mto ule ni wa kufikiria tu; huenda haupo. Lakini safari ijayo muuguzi huyo atauliza, na swali lenyewe litabadilisha sauti yake. Hapo ndipo mtu hukua, na kazi yake nayo hukua. Amri ya "kuwa na huruma" isingemfikisha hapo. Kadi iliyopewa mdomo imemfikisha.

JINSI YA KUANZA

Hamhitaji fedha wala semina. Iwe ni wauguzi wa zahanati, walimu, wahudumu wa afya wa vijijini, au akina mama wanaouguza wazazi wao nyumbani, fuateni hatua hizi:

1. Muwe kati ya watano na kumi na wawili. Mkizidi, wanyonge watakaa kimya.

2. Chagueni siku na saa maalum, kwa mfano mara moja kwa mwezi, saa moja tu. Mkianza kwa wakati na kumaliza kwa wakati, watu watarudi.

3. Muwe na kiongozi mtulivu. Kazi yake si kufundisha, bali kutunza wakati na kumlinda anayesimulia. Mkubwa wa kazi si lazima awe kiongozi, na mara nyingi ni afadhali asiwe, maana mbele yake watu hupima maneno.

4. Anzeni na mchezo mdogo wa dakika tano. Chora mstari, jirani yako augeuze. Au kila mmoja aeleze wiki yake kwa chakula: "Yangu ilikuwa ugali ulioungua chini." Mchezo huu unawaambia wote kwamba hapa hakuna mtihani.

5. Mmoja asimulie tukio moja kwa dakika kumi, bila kutaja jina la mgonjwa. Maswali machache ya kuelewa, kisha anyamaze.

6. Wengine waseme kwa maneno ya "ningekuwa": ningekuwa mgonjwa, ningekuwa mhudumu, ningekuwa mkwe aliyekaa mlangoni, ningekuwa kile kitanda. Msitoe ushauri.

7. Msimuliaji arudi. Mwisho kila mmoja ataje jambo moja dogo atakaloliangalia kwa macho mapya.

Familia nayo inaweza kufanya hivi kwa njia rahisi zaidi. Pale ambapo baba amepata kiharusi na watoto wanapokezana kumhudumia, keti pamoja jioni moja kwa wiki. Msianze na hesabu ya nani alinunua dawa. Anzeni na swali: "Wiki hii, kuna wakati gani ulimpenda baba sana, na wakati gani ulitamani kutoroka?" Maswali yote mawili ni ya haki. Tena msimsahau baba mwenyewe. Mgonjwa hapotezi hamu ya kucheka kwa sababu mkono wake umelegea. Bao la kete, hadithi za ujana wake, utani wa mjukuu, hayo yote ni sehemu ya uuguzi.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Siri. Yanayosemwa katika duara yabaki hapo. Kikundi kinachovujisha kitakufa siku hiyohiyo, na ni haki kife. Siri za mgonjwa si mali yetu kuzichezea.

Mchezo unaoumiza. Kuna kucheka pamoja na kuna kumcheka mtu. Kumwigiza mgonjwa anavyochechemea ili watu wacheke ni ukatili. Utani wa kweli una pande mbili, na anayetaniwa ana haki ya kujibu. Kama mmoja tu ndiye anayetania, na mwenzake hawezi kujibu kwa sababu ni mdogo wake kazini, huo ni uonevu uliovaa nguo ya mchezo.

Kulazimisha. Asiyetaka kucheza aachwe atazame. Mwenye msiba mpya huenda anahitaji kimya tu.

Kufunika matatizo. Duara haliongezi wauguzi wodini, halilipi mshahara uliochelewa, halinunui glavu. Mkuu wa kazi asiwaambie watu wakae wakatafakari, huku yeye akikwepa ratiba ya zamu inayowaua. Tena mara nyingine kikundi kitagundua kwamba shida haimo moyoni mwa mtu bali katika utaratibu. Hapo lipelekwe jambo kwa wakubwa, kwa adabu na kwa umoja.

Ugonjwa. Kikundi si matibabu. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni karibu kila siku, hapati usingizi, hali, hafurahii lo lote, huenda ana ugonjwa wa sonona, na anahitaji kuonwa na mganga. Akisema kwamba anatamani kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sonona ni ugonjwa, tena una tiba; si uvivu wala upungufu wa imani.

KWA WALE WANAOHUDUMIWA

Nimalizie na neno kwa ninyi mnaokuja kwetu kutibiwa. Mkitendewa vibaya, semeni. Nendeni kwa mganga mkuu au tumieni sanduku la maoni. Haki yenu ya kuheshimiwa haipunguzwi na uchovu wa mtu ye yote. Lakini pia, ukimwona muuguzi mwishoni mwa zamu ya usiku, mwulize, "Umeshindaje na usiku wa leo?" Usishangae akikosa jibu kwa haraka. Huenda ni mara ya kwanza mwaka huu kuulizwa.

Na wewe unayemwuguza mtu nyumbani, ambaye hujakaa chini kupumua tangu mfungo uliopita, tafuta wenzako wawili watatu walio katika hali kama yako. Kaeni chini ya mwembe. Chukueni kijiti, chora mstari mchangani, mwambie jirani yako, "Ugeuze uwe kitu." Mengine yatafuata.